Gari Lang'aa, Mama Hatoki

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, ila cheka kwanza umalize. Mimi ni daktari wa meno, nina kitambi na upara, na nina gari moja jeusi la kifahari, lile la mbio lenye milango minne, nimelitunza mpaka viti vya nyuma bado vina nailoni ya dukani, mke wangu kila asubuhi huniuliza, "Mke mwenzangu ameshaoga?", na kusema kweli hizo mbio zenyewe sijawahi kuzijaribu, naogopa. Sasa mama amehamia kwangu, magoti yake yamechakaa, kila wiki nampeleka kliniki ya mazoezi, lakini gari limekaa chini kama limechuchumaa, kumtoa tunavuta mimi na mlinzi, naye mama anacheka, "Mwanangu, hili gari au kaburi? Kuingia naingia, kutoka mpaka nifufuliwe!" Basi nimeamua, nauza, ninunue lenye kiti cha juu, na wanunuzi wapo, tatizo ni mimi, wa kwanza nilimuuliza kama watoto wake hula biskuti garini, wa pili nilifuta kwa kitambaa alama za vidole vyake akiwa bado ameshika mlango, akanirudishia ufunguo, "Kaka, unauza gari au unaoza binti?" Juzi mama kaniambia magoti yamepona, kliniki haendi tena, lakini jana nimemkuta anapanda kibarazani ameshika ukuta. Shangazi, nataka kuuza kweli. Jumamosi anakuja mwingine, nifanyeje nisimfukuze?

Daktari Mwenye Kitambaa

Daktari wangu, nimecheka, kisha nikanuna. Mama hajapona hata kidogo. Amekuona unavyolipangusa, akaamua akuachie mchumba wako, yeye abaki na maumivu yake. Nawe unajua, ndiyo maana umeandika.

Kulipenda gari si dhambi, ni jasho lako. Lakini mzazi kudanganya ili chuma kikae? Hapana, baba. Wagonjwa wako unawaambia jino bovu ling'olewe upesi. Haya, zamu yako, kaa kitini.

Nailoni itoe leo. Kliniki mama aende kwa teksi yenye kiti cha juu, wiki hii hii, asikupe visingizio. Jumamosi ufunguo awe nao yeye, na bei aitaje yeye. Wewe kaa kiti cha nyuma, kitambaa kiache ndani ya nyumba, mdomo ufumbe; wagonjwa hufumbua, wewe fumba. Mnunuzi akiuliza kasoro, mama atamjibu ukweli: gari halina kasoro, kasoro ni huyo aliyekaa nyuma, naye hauzwi.