Tulivyokwama na Baba Mchangani Kitangiri

Alhamisi. Kiomboi kumeamka na mawingu na kaubaridi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, sina hata nguvu ya kwenda kutafuta chai. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitalia, na Mama akiniona nalia ataanza upya.

Baba amepata kiharusi.

Ilikuwa jana alfajiri, nyumbani kwetu kijijini, kando ya Ziwa Kitangiri. Mama aliamka akamkuta amekaa kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia haviitiki. Alijaribu kusema, ikatoka sauti tu. Mimi nilikuwa nimetoka Singida mjini, ninakofundisha chekechea, nimekuja kuwasalimia. Uani kulikuwa na gari la kaka yangu Yona. Yeye yuko Mwanza kikazi, gari analiacha liwasaidie wazee. Jirani yetu ndiye huwa analiendesha, na jana alikuwa msibani Misigiri.

Leseni ninayo. Uzoefu wangu ni wa lami na gari dogo.

Nilimpigia Yona. Akaniambia nisiogope, hilo gari linavuta matairi yote manne muda wote, sina haja ya kubadilisha chochote, halikwami. Nikaamini, maana nilihitaji mtu wa kuniambia hivyo.

Tukamlaza Baba kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Kufika korongoni tukakuta karavati limezolewa na mvua. Njia iliyobaki ni kuzunguka ufukweni mwa ziwa, ambako siku hizi bodaboda wanapita. Niliziona alama za matairi yao, nyembamba, zimenyooka. Sikufikiri kwamba palipobeba pikipiki panaweza kumeza gari. Nikashuka na gari hadi ufukweni.

Karibu na maji mchanga ulikuwa umeshikana, gari likaenda vizuri hata nikaanza kumshukuru Mungu. Mbele kulikuwa na mitumbwi imevutwa nchi kavu, imeziba njia. Nikakata kona kwenda juu, kwenye mchanga mkavu, halafu nikafunga breki ili nitazame pa kupita.

Nilipokanyaga mafuta tena, injini ikanguruma na gari halikusogea.

Nikatoa kichwa dirishani. Tairi moja la mbele lilikuwa linazunguka peke yake, la nyuma yake limetulia tu. Kumbe nguvu inagawiwa kwa yote manne, ila tairi moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia huko. Yona hakuniambia hilo. Labda na yeye halijui, maana gari lake linakaa kwenye barabara ya kwenda kanisani.

Hapo Baba akaanza kuguna. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akawa ananyooshea mbele, karibu na mlango wangu. Nikafuata kidole chake, nikaona kitufe chenye mchoro wa magurudumu na alama ya mkasi katikati. Nilishukuru sana moyoni. Nikasema Baba ananisaidia, Baba bado yupo, anajua. Nikabonyeza, taa ikawaka, nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote.

Sasa matairi yote yalizunguka. Yalichimba mpaka tumbo la gari likakaa juu ya mchanga.

Baba akazidi kuguna na kunyooshea palepale. Nilibonyeza tena, nikazima, nikawasha. Nilianza kumuuliza maswali kwa sauti kubwa kama ninaongea na kiziwi. Nilimpigia Yona, simu haikupokelewa. Mama ndiye aliyenishika bega.

"Baba yako hana habari na gari," akasema taratibu. "Anataka kwenda haja."

Alikuwa anaonyesha mlango.

Baba yangu hata shati hakuwahi kulivua mbele yetu mabinti. Na Mama ana mgongo mbovu, hawezi kumwinua peke yake. Nilitazama ufukweni kama kuna mwanaume yeyote, nikawaona wavuvi wawili mbali, wadogo kama vijiti. Hakukuwa na muda wa kuwasubiri. Nikafungua mlango, nikapitisha mikono kwapani kwake, nikamtoa. Mama akafungua suruali. Mimi nilimshikilia kwa nyuma, kidevu changu begani kwake, nikatazama ziwa. Yeye alikuwa analia. Nilijua kwa namna mgongo wake ulivyotetemeka kifuani kwangu.

Hata hivyo nguo zililowa, zake na zangu, na sikujali. Tulimkalisha juu ya kitenge, kwenye kivuli cha mtumbwi.

Wavuvi walipofika walimwamkia kwanza yeye, shikamoo mzee, ingawa aliwajibu kwa kope tu. Wakachimba kwa makafi yao chini ya gari. Mimi nilikumbuka baiskeli yetu ya kuchotea maji, jinsi tairi lililojazwa sana lilivyozama mchangani na lililolegea likapita juu. Nikachukua kijiti, nikabonyeza vali za matairi moja baada ya jingine, nikatoa upepo mpaka yakabonyea. Wakaweka magunia mbele ya matairi. Wakaniambia nikitoka nisisimame popote mpaka nipate ardhi ngumu.

Nikaingiza gia, nikakanyaga polepole. Gari likapanda. Nikaenda bila kugusa breki, na kwenye kioo niliwaona wazazi wangu wanabaki nyuma, wanakuwa wadogo. Sijawahi kujisikia mwovu vile. Nilisimama kwenye majani makavu, nikageuka, nikawaona wavuvi wanakuja na Baba wamembeba kwenye mikono waliyoishikanisha.

Tulipanda mlima na matairi yale yale yaliyolegea. Tulipofika hospitali hapa Kiomboi, jua lilikuwa limeshapinduka. Daktari aliuliza hali ilianza lini. Nilipojibu alfajiri, alitazama chini, akaandika, akasema mngewahi. Halafu akasema tusubiri tuone.

Sijui saa za mchangani zimempokonya Baba nini. Mkono? Sauti? Pengine vyote vilishaondoka kitandani kabla Mama hajaamka. Hakuna wa kuniambia, na nitaishi na swali hili hata akipona.

Yona amepiga leo asubuhi. Amelia kuliko sisi. Anakuja na basi.

Muda mfupi uliopita nesi alitoka wodini. Baba anatakiwa kusafishwa na kubadilishwa shuka. Akauliza kama kuna ndugu wa kiume, kwa heshima ya mzee. Mama akanitazama. Nilikuwa nataka kusema kaka yuko njiani, asubiriwe.

"Nipo mimi," nikasema.

Beseni linajazwa maji ya moto. Naingia.