Kabichi, Matuta na Zohali

Jumanne, 7 Juni

Mashati mawili, kola moja ya kugeuza, suruali ya mtu mnene asiyekubali kuwa ni mnene. Kisha mlima wote kwa miguu kutoka Soni, kwa kuwa baiskeli sina tena. Mke wangu, Mama Mwanaidi, hajasema nami tangu Jumamosi. Leo kaniwekea ugali bila mboga, akaenda kulala. Nimeelewa.

Baiskeli nimempa mzungu wa kahawa anayerudi kwao. Alitaka baiskeli amwachie mpishi wake, iwe kitu cha kumkumbuka. Mimi kanipa darubini. Shaba tupu, na miguu mitatu ya mti. Kule Burma niliwahi kuchungulia mwezi kwenye darubini ya afisa, nikafukuzwa kama mbwa kabla sijaushiba. Sasa ninayo yangu, na hakuna wa kunifukuza.

Ila ukungu. Tangu niilete, ukungu mtupu.

Alhamisi, 9 Juni

Mbingu zimefunguka baada ya isha. Nimeisimamisha kwenye kitalu cha kabichi, ndiko pekee kusikozibwa na migomba. Sikuona kitu. Nimegusa, nyota imekimbia. Nimeacha kugusa, nyota imetoka yenyewe. Miguu inatetemeka kwa kila upepo. Nyota niliyoikamata ilikuwa nukta, kama ninavyoiona kwa macho yangu matupu. Baiskeli nzima kwa nukta.

Nimekanyaga kabichi tatu gizani. Atazihesabu asubuhi, namjua.

Jumapili, 12 Juni

Dawa nimeipata. Mfuko wa mchanga chini, umefungwa kwa kamba katikati ya miguu mitatu. Kimya, haitikisiki. Na macho usiyakaze, uyaache yatulie.

Nikatafuta ile nyota ya manjano isiyopepesa, ile mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyoiita Zohali. Nikaipata. Ina pete. Pete kweli, imeuzunguka mwili wake, haijaugusa. Nilisema Subhanallah kwa sauti, mbuzi wakaamka.

Nilitamani kumwambia mtu. Nikaingia ndani. Mama Mwanaidi alikuwa ameugeukia ukuta.

Jumanne, 14 Juni

Zuberi, jirani wa chini, kaniona jana jioni nikifunga miguu ya darubini. Leo soko zima la Soni linajua. Linajua nini? Kwamba fundi cherehani kapewa chombo cha kupimia mashamba. Kwamba bwana shamba kaniweka nihesabu nani kapiga matuta na nani hakupiga.

Wajinga. Na bado nawaelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Miezi yote hii tunaamrishwa kukata mlima ngazi ngazi. Mvua ikija inabomoa, tunaamrishwa upya. Asiyechimba anapelekwa mbele ya jumbe, analipishwa faini au analala ndani. Na kabla ya kila amri hutangulia mtu mwenye chombo cha miguu mitatu. Sasa wameona miguu mitatu kwangu.

Wangeuliza. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 17 Juni

Msikitini nimekaa, na pande zote mbili pakabaki wazi. Baada ya swala nilimwamkia Mzee Hoza shikamoo. Akatazama viatu. Mzee Hoza ndiye mwenye mfereji. Maji ya mlima mzima yanapita mkononi mwake, yeye ndiye anayegawa zamu.

Koti lake liko kwangu tangu wiki iliyopita, bega la kushoto limechanika. Nilikuwa nimeanza kulishona vizuri sana. Sasa nitalishona tu.

Jumamosi, 18 Juni

Zamu yangu leo. Nimeamka alfajiri na jembe, nikafungua mlango wa kitalu, nikangoja. Mfereji mkavu. Nimepanda juu nikakuta maji yamegeuziwa kwa Zuberi. Zuberi kasimama katikati ya maji yangu, kaniangalia, kaendelea kufyeka.

Kabichi ndiyo kwanza zinafunga. Bila maji wakati huu zitadumaa au zitakauka, moja kati ya hayo. Na kabichi hizi ndizo zinazomweka binti yetu Mwanaidi shuleni. Cherehani inatulisha, haimsomeshi.

Mama Mwanaidi leo kasema nami. Heri angenyamaza.

Jumapili, 19 Juni

Nilidhani nina akili. Nimewaita mchana kweupe, wachungulie wenyewe, waone kama ni chombo cha kupimia. Wakaja wengi kuliko nilivyowaita. Mzee Hoza mbele. Jua lilikuwepo, nyota hakuna, basi nikaielekeza ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kuielekeza chini, nyota hazina juu wala chini. Mzee akaweka jicho, akashika kile kioo kidogo cha nyuma kwa vidole vyenye ugoro, akakaa muda. Akainuka taratibu.

"Nyumba yangu umeipindua."

Kweli. Nikatazama. Paa chini, mlango juu, mbuzi wake wananing'inia kwa miguu. Migomba inaota kuelekea ardhini. Nikaanza kueleza kwamba ndivyo vioo vinavyofanya kazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Zuberi naye akachungulia, akapiga ukelele. Mwanamke mmoja akasema ndiyo sababu udongo wao unaporomoka, kuna mtu anaupindua jioni jioni. Hapo wakanitazama wote. Macho yale nimeyaona vitani tu.

Wameondoka bila kuaga. Mzee kaacha alama ya ugoro kwenye kioo. Nimeifuta kwa hasira.

Jumanne, 21 Juni

Jiwe juu ya bati wakati wa magharibi. Moja tu. Mama Mwanaidi anataka nikaitupe darubini kwenye maporomoko. Kasema hivyo kwa utulivu kabisa, huku anachambua maharage.

Majani ya nje ya kabichi yamelegea. Nabeba ndoo kutoka kijitoni, mabega yanauma, na haitoshi hata tuta moja. Nawachukia. Nimeandika, na silifuti.

Alhamisi, 23 Juni

Leo ndiyo kubwa. Bwana shamba mwenyewe kasimamisha pikipiki mbele ya kibaraza cha Mhindi ninaposhonea. Kofia ngumu, soksi hadi magotini. Kasikia habari zangu. Kasema mtu mwenye akili kama mimi serikali inamhitaji. Anaitaka darubini yangu aiweke juu ya kilima, aone ng'ambo yote ya bonde bila kuichosha miguu yake, nani kachimba na nani kadanganya.

Na malipo? Mimi nisamehewe matuta. Na amri kwa jumbe, maji nipate zamu mbili kila wiki.

Zamu mbili. Kabichi zangu zingepona hadi zingenenepa. Wangeona wote. Zuberi angekaa mavumbini akitazama maji yakipita. Nilifurahi, kwa kweli. Nilifurahi moyoni muda wa kutosha kushona mfuko mmoja.

Atakuja kuichukua kesho. Hakuniuliza kama nakubali.

Ijumaa, 24 Juni

Nimeishusha darubini Soni begani, imefunikwa kwa kanga. Njia nzima nilikuwa nazozana na nafsi yangu. Wamenitupia jiwe. Wameniua kwa kiu. Sina deni nao hata chembe.

Lakini nikaona akilini nyumba ya Mzee Hoza imepinduka, na bwana shamba anaitazama anacheka, anaandika jina. Sikuipenda picha ile. Zohali sikuinunua ili imfunge mtu.

Nikakichomoa kile kioo kidogo cha jichoni. Mahali pake nikapachika gurudumu tupu la uzi, lile la mti lenye tundu katikati, nikalipaka dawa nyeusi ya viatu. Likakaa kama limezaliwa pale. Kioo nikiweke wapi? Pikipiki ilikuwa tayari inanguruma kwenye kona. Koti la Mzee Hoza lilikuwa chini ya sindano, bega liko wazi. Nikakitumbukiza ndani ya pamba, nikapitisha cherehani.

Tarishi wa bwana shamba kapekua droo zangu, eti kama kuna vifaa vingine. Kachukua na kamba ya mfuko wa mchanga. Koti hakuligusa.

Soko zima lilitazama darubini ikiondoka kwenye pikipiki ya serikali. Mtu mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Karibu sana.

Jumamosi, 25 Juni

Maji hakuna. Sasa wana hakika kwamba nimewauza.

Nimefika kazini nikiwa na nia ya kulifumua bega. Koti halipo. Jana nilipokuwa kwenye swala ya alasiri, binti wa Mzee Hoza alilifuata, na Mhindi akamkabidhi, akaona ananisaidia. Nimemuuliza mara mbili. Kanijibu mara mbili. Nimekaa chini.

Siwezi kwenda kulidai. Niseme nini? Bega limekaa vibaya? Hanipi hata maji, atanipa koti?

Jumatatu, 27 Juni

Wameitwa wote kwa jumbe. Nami nimekwenda, nimesimama nyuma, na watu wakasogea mbali nami kama nina upele. Darubini ilikuwa imesimamishwa mbele, inang'aa, imepigwa brasso. Mzee Hoza alikaa kwenye benchi la wazee, hatua chache tu kutoka pale. Amevaa koti. Bega la kushoto limevimba kidogo. Nililiona mimi tu, nadhani.

Bwana shamba kahutubia. Kuanzia leo mlima huu hauna pa kujificha. Akainama, akachungulia. Akazungusha. Akafuta jasho, akachungulia tena. Akasema iko ukungu. Jua lilikuwa linawaka. Akamwita jumbe naye achungulie. Jumbe, mtu asiyejua kusema uongo haraka, akasema haoni kitu ila weupe.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Bwana shamba akanigeukia, akanionyesha kidole: mpumbavu huyu katoa baiskeli kwa bomba la maji! Hapo wakacheka hadi wazee wakashika mbavu. Zuberi alikaa chini kabisa.

Mzee Hoza hakucheka. Alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, anakandakanda kama mtu mwenye baridi yabisi.

Jumanne, 28 Juni

Tarishi kairudisha darubini, kaitupa kwenye kibaraza. Imebonyea mahali pamoja. Leo kila apitaye ananiuliza bei ya bomba. Wengine wananiamkia kwa kicheko, lakini wananiamkia. Sasa mimi si adui, mimi ni juha.

Sijui lipi bora. Nikisema inaona, bwana shamba atarudi. Basi nitakuwa juha hadi nizikwe, na hawa niliowaokoa ndio watakaonicheka kaburini. Nimesonya hadi Mhindi akauliza kama naumwa.

Maji bado. Nusu ya kabichi zimekwisha.

Alhamisi, 30 Juni

Nimeamka na sauti ya maji. Sikuamini, nikatoka bila viatu. Mfereji umejaa, mlango wa kitalu umefunguliwa, hakuna mtu. Mama Mwanaidi alikuja akasimama kando yangu. Tukatazama tuta la kwanza likilowa, kisha la pili. Akasema zilizobaki zitatosha muhula mmoja.

Baada ya isha Mzee Hoza kafika. Nimemwamkia, kaitikia marahaba. Kavua koti, kaliweka juu ya meza, bega juu. Nikachukua mkasi, nikafumua. Kioo kimetoka na pamba yake. Alikishika siku ile ya kuchungulia kwa vidole vyake, alikijua tangu alipokuwa akilikandakanda bega pale kwa jumbe.

Nikakirudisha mahali pake. Tukatoka. Mwezi mkubwa, na Zohali karibu yake. Mzee kainama, kakaa muda mrefu kuliko siku ile. Mama Mwanaidi alisimama mlangoni na kibatari, kisha akakizima mwenyewe.

"Na huyu naye umempindua?"

"Naye, mzee."

Kaendelea kutazama. Kasema haoni tofauti. Kisha kampisha Mama Mwanaidi, kaingia ndani kulichukua koti lake, kaniambia kesho atalileta nilitie pamba vizuri, maana baridi inaingia.