Kikao Kuhusu Hundi ya Shevanta, Aliyeitwa Siku ya Manjano

Shevanta, tangu Januari hujatia mguu uani kwangu, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Una moyo gani wewe? Haya ndiyo yaliyosemwa ukiwa hupo. Usiyakunje ukayaficha chini ya godoro. Yasome.

KIKUNDI CHA AKIBA CHA WANAWAKE, MTAA WA WAKAUSHA MANJANO, SANGLI, INDIA

Tarehe: Jumapili, 5 Agosti 2018
Mahali: Uani kwa Anusaya
Waliohudhuria: Vatsala Jagdale (Mwenyekiti), Muktabai Patole (Mweka Hazina), Anusaya Mali (Katibu), na wanachama sita
Hakuwepo: Shevanta Khot. Bila taarifa, tena.

KUMB. NA. 1/8/2018: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Alikumbusha kwamba chai hunywewa baada ya kazi. Chai ilikuwa imeshanywewa.

KUMB. NA. 2/8/2018: KESI YA HUNDI
Mwenyekiti alieleza kwamba kila mkopaji huacha kwa kikundi hundi tupu yenye saini yake. Ya Shevanta ilijazwa na kupelekwa benki mwishoni mwa Desemba, marejesho yalipokwama. Benki iliirudisha. Aliitwa Januari aje kujieleza, hakuja. Wakili alimwandikia notisi, hakujibu. Ndipo kesi ikafunguliwa. Jumatano hakimu anaisikiliza, na kwa hundi isiyolipika mtu anaweza kufungwa.

Mwenyekiti alisema hiyo ni dharau tupu. Muktabai alimjibu kwamba dharau ni kumlipa wakili kwa akiba ya wenzako bila kuwauliza. Mwenyekiti alitaka maneno hayo yasiandikwe. Yameandikwa.

Muktabai alieleza kwamba juzi alikwenda kwa Shevanta. Akaunti ya hundi hiyo ilikuwa yake na mumewe. Mume alipofariki Novemba, benki iliifunga. Mazishini tulikuwepo sote, na hakuna aliyeikumbuka hundi.

Mwenyekiti aliuliza, basi kwa nini asije akasema? Katibu naye aliuliza kikao cha Januari kilikuwa siku gani. Kilikuwa siku ya manjano, siku ambayo wenye waume hupakana manjano na unga mwekundu kwenye paji la uso. Mjane hapakwi, wala haalikwi. Sisi tulimwita siku hiyo hiyo, eda yake mbichi, kwa kuwa tulikuwa tumeshakusanyika na tuliona uvivu kukusanyika tena.

Muktabai alisema Shevanta alikuja. Alifika langoni, akaliona sinia la manjano, akageuka. Juzi alimwambia, "Mukta, ningeingia, mngenikalisha wapi?"

Mwenyekiti alisema, "Mama yangu naye alikuwa mjane, alikula jikoni peke yake kila sikukuu mpaka akafa. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea sahani." Alifuta macho, akasema kesi ina saini yake na ataifuta mwenyewe.

KUMB. NA. 3/8/2018: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba Jumatano Mwenyekiti amweleze hakimu kuwa tumepatana na Shevanta. Deni libaki, alipe kidogokidogo anavyoweza. Hundi tupu zote zirudishwe kwa wenyewe.

Mwanachama mmoja aliuliza kikundi kitabaki kimeshika nini. Katibu alimjibu, "Kitashika kizingiti cha mdaiwa, mwenzangu. Nitakaa pale mpaka alipe, na chakula atanipa yeye."

Iliazimiwa pia kwamba Ijumaa ya kwanza ya mwezi mtukufu wa Shravan, wanawake wanapopakana tena manjano, Shevanta apakwe manjano pamoja na wengine, na Mwenyekiti ndiye atakayempaka. Wawili walisema jambo hilo halijawahi kufanyika hapa. Walisikilizwa, na azimio likabaki.

KUMB. NA. 4/8/2018: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja, mvua ilipotufukuza uani.

Vatsala Jagdale, Mwenyekiti
Anusaya Mali, Katibu

Shevanta, Jumatano Vatsala atakupitia asubuhi, uende naye mahakamani. Umpe chai, hata kama bado una hasira naye. Na Ijumaa hiyo ya Shravan pita mlango wa mbele. Usije umejifunika sari mpaka machoni, maana nitaivuta mwenyewe.