Nilipiga Kura Meno Nimeyasugua kwa Mkaa

Mpendwa Mama Ludwina wa redioni, naomba msaada, ila nakuomba mapema usiniambie nisali, kwa sababu nimesali mpaka magoti yameota sugu na kokwa ya popoo bado naitaka kuitafuna. Nina miaka ishirini na mbili, kazi yangu ni kukausha kakao, na ni kiongozi wa vijana katika kanisa letu la Wasabato hapa karibu na mji wa Kokopo, ambako popoo ni mwiko, ingawa Wakatoliki wa ng'ambo ya barabara wanaitafuna mpaka mlangoni pa kanisa lao na hakuna anayewauliza.

Mwaka jana, wiki ya vijana, mimi na Nerolyn, msichana anayeimba kwaya na kufundisha watoto, tulisimama mbele ya watu tukavichoma vibuyu vyetu vya chokaa ya kutafunia popoo, watu wakalia kwa furaha, na kweli nilikaa miezi saba sijagusa kitu, mpaka mjomba wangu alipofariki, na wewe ni mtu wa huku, unajua matangani popoo inagawiwa mkono kwa mkono na kuikataa ni kumtukana marehemu, basi nikaipokea nikisema nitaishika tu, nikashtukia natema mate mekundu, na Nerolyn alikuwa amekaa mbele yangu ananiona. Hakunisema kwa mtu. Tangu siku hiyo natafuna nyuma ya tanuri la kakao, kisha nasugua meno kwa mkaa wa tanuri hilo hilo.

Mwezi uliopita shemasi wetu, Mama Rodah, alimkuta Nerolyn sokoni midomo myekundu, akamfikisha kwenye kikao cha kanisa, naye hakukana. Alisema, "Ndiyo, nimetafuna. Nimeanguka, nisaidieni." Mama Rodah akamwuliza, "Unatafuna na nani? Sema!" Nerolyn akajibu, "Mdomo ni wangu, Mama. Nimejisema mwenyewe, inatosha." Mchungaji akasema wanaokubali atolewe kwenye kwaya na darasa la watoto mwaka mzima wainue mikono, na mimi, niliyekuwa nimetafuna asubuhi ile ile, niliinua. Niliinua wa kwanza.

Bubu wangu, ndivyo nimwitavyo bibi mzaa mama ninayeishi naye, ni Mkatoliki na anatafuna kutwa, na nilipomsimulia alicheka mpaka akapaliwa. "We mjukuu wangu, unamwogopa Mungu au unamwogopa Rodah? Mungu anayaona meno yako hata uyapake rangi ya ukuta!"

Sabato hii nimepangiwa kuhubiri, na mada ni kushinda majaribu. Nikiungama, watoto walioacha kwa mfano wangu watarudi kutafuna na kanisa litachekwa na akina Bubu, na mimi sijaiba wala sijaua mtu, kwa hiyo sioni kwa nini nijidhalilishe, naona bora nihubiri vizuri halafu niache kimyakimya. Au nimekosea? Mbona basi nikimwona Nerolyn kwenye benchi la nyuma nageuza uso?

Ni mimi, Kijana wa Kakao.

*

Kijana wa Kakao, barua yako ilifika juzi, naisoma redioni leo Jumatano, kwa hiyo una siku mbili. Majina nimeyabadilisha, ila Rodah atajijua.

Nilianza kusoma nikicheka, maana mkaa huo hata mimi naujua, na popoo niliiacha mara nne kabla sijaiacha kweli. Ya matangani nakuhurumia. Ulikuwa umefiwa, mkono wa ndugu ukaja mbele yako, ukashindwa. Hilo linasameheka kabla hujamaliza kuliomba. Nilipofika kwenye kura nikaacha kucheka.

Unasema hujaua mtu. Sawa. Lakini binti wa watu alikuwa na siri yako mkononi, akaulizwa mbele ya kanisa zima, akaifumba. Wewe ulikuwa na nafasi ya kunyamaza tu, kunyamaza kungetosha, ukakimbilia kuwa wa kwanza! Usiniambie habari za watoto. Watoto wamekwisha kufundishwa: anayesema kweli anakaa nyuma, anayesugua meno anapewa mimbari. Kanisa lenu nalo liache kujipongeza. Mtu alisema "nisaidieni" wakamsaidia kwa kumfukuza kwenye kwaya. Wanaonisikiliza wakikasirika, na wakasirike, redio ina kitufe cha kuzima.

Sasa fanya hivi. Kesho mchana nenda kwa akina Nerolyn, nenda na Bubu wako, mwombe radhi mbele ya wazazi wake. Usilie ili akubembeleze. Akikufukuza, ondoka, ana haki. Ijumaa nenda kwa mchungaji umwambie yote, na umwambie hutahubiri. Atakwambia jambo hili mlifiche mpaka Sabato ipite. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Popoo yenyewe usipambane nayo peke yako nyuma ya tanuri. Beba muwa ukaushapo kakao, tafuna huo. Matangani pokea kama mila inavyotaka, kisha mpe Bubu papo hapo. Mila inasema pokea, haijasema tafuna, na yeye hatakataa. Ukianguka tena, sema siku hiyo hiyo, kama Nerolyn alivyosema. Kusali endelea, ila usali mdomo wazi.

Na Sabato, watu wakishakaa, inua mkono. Ule ule. Hakuna aliyekushika uuinue siku ile, basi usingoje kushikwa safari hii. Sema, "Nami natafuna, na Nerolyn alijua akanificha. Kura ile naomba ipigwe upya. Mkimketisha nyuma, nami nakwenda kukaa naye." Rodah atakohoa, mchungaji atatazama saa. Wewe usikae mpaka umemaliza.

Asubuhi hiyo, mwanangu, usiyasugue meno.

Mama Ludwina