Ombi la Nyumba Namba Arobaini na Mbili

Masanja, rafiki yangu,

Ninakuandikia kwa sababu hukujua kusoma ulipokuwa hai, na sidhani kama huko ulikokwenda wamekuanzishia kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo naweza kusema yote. Ungekuwa unajua kusoma, barua hii ningeiogopa, na wewe unanijua, kuogopa ndiyo kazi ninayoiweza.

Nianze na habari. Korongo limekauka. Mvua zilikatika mapema, na sasa watu wanachimba mchanga palepale tulipokutoa, wanateka maji kwa vibuyu. Maksai wako wa mkokoteni amewachukua kaka yako, na mmoja ameanza kuchechemea. Nkwimba mkeo amekonda, lakini analima. Nyumba yako bado ina namba yake. Nimeipaka rangi upya kwa mkono wangu, maana wageni wa wilayani walikuwa wanakuja na Mwenyekiti alitaka namba zote zisomeke kutoka barabarani. Arobaini na mbili. Ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango, arobaini na moja, kwa mama mkwe wako.

Tuelewane kwanza kuhusu namba hizo, kwa sababu ulikufa ukidhani Mwenyekiti alikupangia makusudi. Hapana. Ulijipangia mwenyewe kwa ule wema wako wa kijinga. Siku ya kuhamia kijijini, wenzako wanabomoa mapaa yao huku wanalia, wewe ulimpelekea mama mkwe mkokoteni wako umbebee vihenge na mawe ya kusagia. Kisha ukatembea nyuma, mbali kabisa, usimwone wala yeye asikuone, kama sisi tulivyolelewa. Alipofika mezani, pale nilipokuwa naandikisha watu kama katibu wa kijiji, nikamwandika. Nikauliza mkokoteni ni wa nani, nikaambiwa wa Masanja, nikakuandika hapohapo chini yake ili nikuokoe na foleni. Nilidhani nakufanyia hisani. Wiki iliyofuata akaja bwana mipango na kamba yake na vigingi vyake, akafuata orodha yangu, witiri upande huu, shufwa upande ule, milango yote itazame njia. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika nani ni mkwe wa nani.

Kwa hiyo ni wewe na mimi. Mwenyekiti aliingia baadaye, na alipoingia aliifanya kazi yake vizuri.

Kule tulikotoka ilikuwa rahisi. Ukimwona mkwe anakuja unaingia kwenye mtama mpaka apite, basi, kila mtu na heshima yake. Hapa mtama hakuna, kuna njia nyeupe iliyofyekwa na mgambo. Nakumbuka ulivyojaribu. Kila asubuhi ulikohoa ndani kabla ya kutoka, ili mama asikie ajifiche. Ulikohoa mpaka jirani wakadhani una kifua kikuu. Na mama mkwe wako masikio yake yalishakufa siku nyingi, sote tulijua, wewe ulijua, na bado ukakohoa. Nilikucheka sana. Nilikuigiza pombeni, watu wakashika mbavu.

Halafu ikaja ile asubuhi uliyotoka na jembe begani ukamkuta amekaa mlangoni pake ananawa miguu, nguo imepanda magotini. Hukuniambia wewe, aliniambia Nkwimba. Ulirudi ndani ukakaa siku mbili bila kula. Mama naye alikaa ndani siku mbili. Nkwimba alikuwa anavuka njia na vyungu, kwa mume, kwa mama, na wote wawili hawakugusa chakula. Siku ya tatu ukachukua sururu ukatoboa ukuta wa nyuma, ukawa unatokea huko, unashuka korongoni, unapanda ng'ambo na kuzunguka mpaka shamba la kijiji. Halmashauri ikajadili kama tundu lile linavunja mpango wa makazi. Niliandika muhtasari wa kikao hicho, ukurasa mzima, kuhusu tundu lako.

Ndipo ulipokuja kwangu. Ulikaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa, ukanitajia maneno, nami nikayaandika. Karatasi hiyo niliitunza. Imeandikwa: Mimi Masanja wa namba arobaini na mbili naomba nihamishwe mstari wowote, hata wa mwisho kule kwenye mbuga panapotuama maji. Nihamishwe mimi, si mama, kwa sababu yeye ameshapanda mlonge wake na mguu wake ni mbovu. Sidai nyumba ya kujengewa, nitajenga mwenyewe. Ukaniambia, "Mabula, utanisomea wewe. Mimi pale mbele siwezi." Nikasema nitakusomea. Nilikuambia kirahisi tu, kama mtu anayeahidi kuazima shoka.

Sasa mkutano wenyewe. Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma ya kona ya ghala la pamba, hukuona kila kitu, ngoja nikuonyeshe. Kwenye meza tulikuwa Mwenyekiti, katibu kata mgeni wa kutoka pwani ambaye Kisukuma hakukijua hata salamu, na mimi na daftari langu. Mstari wa mbele kabisa, chini, walikaa bibi wasiosikia vizuri. Mama mkwe wako alikaa hatua tatu kutoka mezani. Tukapita ajenda zote, palizi, choo, mbegu, tukafika Mengineyo. Mwenyekiti akatangaza utaratibu wake, kwamba mwenye hoja aje mbele, asimame mezani, awatazame wananchi, ataje jina na namba ya nyumba. Wanaosemea nyuma, akasema, ni wachochezi.

Nikamnong'oneza kwamba nina ombi lako mfukoni, nilisome. Hakunitazama. Alisimama akaita kwa sauti, "Namba arobaini na mbili, njoo mbele utueleze shida yako."

Masanja, mtu yule ni Msukuma kama mimi na wewe. Mkwe wake mwenyewe akija kijijini, yeye hujifungia ofisini na kuniambia niseme amesafiri. Alijua vizuri kabisa anachofanya. Alikuita mara ya pili, polepole, huku anatabasamu, na watu wakaanza kucheka. Nao walijua. Mtu alipaza sauti, "Njoo umwamkie mama!" Vicheko vikapanda. Katibu kata akauliza kuna nini, Mwenyekiti akamjibu kwamba ni mwananchi mmoja mwenye mila za kizamani, anatibiwa.

Kuna jambo hukuliona kutoka pale konani. Nkwimba aliinama akamwambia mama yake sikioni. Bibi akaelewa. Akashika fimbo yake, akainuka aondoke, upate nafasi ya kuja. Aliinuka kwa shida, na ule mguu wake. Mgambo akamwekea mkono begani akamrudisha chini. "Kaa, bibi. Mkutano haujafungwa." Akajaribu tena. Akarudishwa tena. Mara ya tatu hakujaribu, alijifunika kanga usoni mwote, akakaa hivyo kama mzigo uliosahaulika sokoni, ili angalau wewe ukija usione uso. Angekufunguliaje njia zaidi ya hapo, mama wa watu? Lakini wewe hukuona, uliona mgongo wa ghala.

Na mimi karatasi iko mfukoni. Ningesimama tu. Maneno yenyewe ni machache, ningemaliza kabla hajanikatiza. Lakini mwezi ule Mwenyekiti alikuwa ameniahidi kupeleka jina langu Bariadi, kwenye kinu cha pamba, walikuwa wanatafuta karani. Nikakaa. Mwenyekiti akasema, "Mwombaji hakutokea. Andika, ombi limeondolewa." Nikaandika. Nina mwandiko mzuri, unajua.

Ile kazi alipewa mpwa wake. Cheka kidogo, unayo haki.

Jioni ile hukunigombeza. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Ungenitukana ningekujibu, tungepigana, yangeisha. Ulisema tu, "Basi, Mabula, nitazunguka." Ukazunguka masika yote, na matope yale ya mbuga yanayovua mtu viatu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha huko juu, hapa kwetu hata tone. Kengele ililia, tukakusanyika shamba la kijiji, mimi nikaita majina kama kawaida. Arobaini na moja amesamehewa, ni mzee. Arobaini na mbili. Nikaita tena. Mtu mmoja akakohoa vile unavyokohoa wewe, watu wakacheka, na mimi nikacheka, Masanja. Nikaandika hayupo. Wakati nikiandika neno lile, maji yalikuwa yameshakuchukua. Tulikukuta mchana, umekwama kwenye mizizi, jembe bado liko mkononi.

Hujaomba kujua yaliyofuata lakini nitakuambia, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Asiyehudhuria shamba la kijiji anapimiwa kipande cha ziada cha palizi. Niliuliza kwenye halmashauri kama jina lako litolewe kwenye orodha ya adhabu, Mwenyekiti akasema adhabu ni ya nyumba, si ya mtu. Nkwimba alipalilia kipande chako akiwa bado amenyoa kichwa kwa msiba. Halafu ikaja ajenda ya ombi lako lenyewe, maana katibu kata aliandika barua kuuliza limeishia wapi. Mwenyekiti akasema, na haya ni maneno yake, "Nyumba ile sasa anakaa binti na ng'ambo anakaa mama yake mzazi. Tatizo limejimaliza lenyewe. Tuendelee." Tukaendelea. Wajumbe wawili walitazama chini. Mimi nilitazama daftari.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi Jumamosi tulikuwa na mkutano wa kijiji. Tulipofika Mengineyo, mama mkwe wako akainuka. Safari hii mgambo hakujua la kufanya, kwa sababu bibi hakuwa anaondoka, alikuwa anakuja mbele. Alifika mezani akashika ukingo wa meza. Hajawahi kusema mkutanoni. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuunga, "Mimi namba arobaini na moja. Nataka kusomewa yale ya yule wa mlango wa mbele." Hakutaja jina lako, hata sasa hakutaja.

Mwenyekiti akaniashiria nisome, akidhani yataisha haraka. Nikasoma kwa sauti kubwa ili asikie. Mwombaji hakutokea. Ombi limeondolewa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Nani aliliondoa?" Hakuna aliyecheka. Niliwatafuta wale waliocheka siku ile, kila mmoja alikuwa anajishughulisha na vidole vyake.

Kisha akanigeukia mimi, akaniita kwa lugha yetu, ng'wanawane, mwanangu. "Nkwimba kaniambia mumewe alikuachia karatasi. Wewe ni rafiki yake. Iko wapi?"

Nikamwita mama kwa lugha yetu, nikamjibu, "Mayu, imepotea."

Ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naisikia kwenye kifua. Mwenyekiti alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayenipenda. Bibi alinitazama muda mrefu, kisha akapiga makofi mawili ya taratibu, vile wanawake wa kwetu wanavyoshukuru wakipewa kitu, akarudi kukaa mahali pake. Alinishukuru. Sijui kama hakusikia au alisikia vizuri kuliko wote.

Sijalala vizuri tangu hapo, lakini sikuandikii ili unihurumie. Nakuomba usinihurumie hata kidogo. Kama marehemu mnaruhusiwa kuchukia, nichukie mimi kabla ya Mwenyekiti, yeye hakuwahi kula chakula kwako.

Mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi. Nakuahidi hivi. Sitasoma kutoka kwenye kiti cha ukatibu. Nitatoka nyuma ya meza, nisimame pale alipoitwa mwombaji, niwatazame wananchi, nitaje jina langu na namba yangu ya nyumba, tisa, halafu nisome karatasi yako yote, na pale kwenye mlonge na mguu mbovu nitasoma mara mbili, kwa sauti, mama asikie. Kisha nitasema ombi hili hakuliondoa mwombaji wala Mwenyekiti, nililiondoa mimi, kwa kukaa kitini. Wakinivua ukatibu wanivue.

Sijiamini, Masanja. Nakuambia ukweli. Nimekwisha kukuahidi mara moja.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla sijapata muda wa kufikiri, nimevuka njia nimeenda namba arobaini na mbili. Nimempa Nkwimba karatasi yako aishike yeye, aje nayo mkutanoni. Nimemwambia, siku ya mkutano nisiposimama, ajifunze kusoma, aisome mwenyewe.

Lala salama, mkwe wa watu, rafiki yangu.

Mabula,
namba tisa