Tako, Paja, Kidonge

Jumatatu, 3 Juni 1957
Tako la kulia leo. Dresa, yule mhudumu wa hospitali, aliichovya chupa ya dawa kwenye maji moto ili mafuta yake yalainike. Bado yaliingia kama msumari. Nachechemea. Tangu operesheni ya busha, daktari alipoondoa korodani zote mbili, hii sindano ya testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayonishikilia. Naandika bila haya. Nani atasoma?

Jumatano, 5 Juni
Moto umerudi. Barazani nimemchana Shekue vipande. Eti wenye mashamba ya mkonge watatupa haki tukiomba kwa adabu. Adabu! Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, na hatujaacha kugombana tangu hapo.
"Omari, leo umekula pilipili ya wapi?"
"Ya shambani kwa mabwana zako."
Baraza zima kicheko. Nikarudi nyumbani, nikaandika makala ya gazeti bila kufuta neno.

Jumapili, 9 Juni
Moto umezimika. Nimeisoma makala. Kama ya mtu mwingine. Zaina, mke wangu, ameshanijua: sindano ikiwa mpya hukaa karibu, ikichakaa hunipisha. Nachukia kujulikana hivyo. Na hili linanitafuna: hasira yangu yote ya ujanani ilikuwa yangu, au ya tezi zilizokatwa?

Jumamosi, 15 Juni
Nimeacha kudungwa hospitali. Dresa ana mdomo; mtaa mzima wa Makorora utajua. Najidunga mwenyewe, pajani. Faida: sifunui tako mbele ya mtu. Hasara: sijui kuchoma. Nusu ya mafuta ilirudi, ikachuruzika hadi gotini. Maumivu mara mbili, nguvu nusu.

Jumatano, 26 Juni
Jipu. Homa. Zaina alinikanda kwa maji ya chumvi. Daktari amelipasua, akanitukana, nilistahili. Kisha akanipachika vidonge chini ya ngozi ya tumbo. Vitayeyuka polepole kwa miezi, hakuna kupanda wala kushuka. Nimetumaini. Mpumbavu.

Alhamisi, 11 Julai
Kidonda cha tumbo kimefunguka. Kidonge kimetoka na usaha, kimekaa kwenye bendeji kama punje ya mchele. Cha pili kikafuata. Daktari hana vingine. Dawa ya sindano nayo imekwisha, na hajui meli italeta lini.

Zaina amekwenda kwao Moa tangu Idi kumtazama mama yake. Amechukua cherehani. Mtu hachukui cherehani kumtazama mama.

Jumapili, 21 Julai
Gazeti sikuliandikia kitu. Sina cha kupinga.

Ijumaa, 2 Agosti
Baada ya sala nilikaa barazani. Shekue akasema yale yale: adabu, subira. Nikangoja hasira ije. Haikuja. Nikanywa kahawa. Watu wakanitazama, kisha wakatazama chini. Shekue akasogea, akanipisha penye kivuli. Tuna umri mmoja.
"Shikamoo," akaniambia.
Hakukuwa na dhihaka ndani yake. Dhihaka ningejua pa kuishika.
Nikaitikia marahaba.