Vidonge Nilivyovitupa Njia ya Olumbi

Dada yangu mpendwa,

Miaka yote nakuombea dua, lakini hili sijakwambia. Leo naliandika wazi, atakayesoma asome.

Unakumbuka yale tuliyoyaita majipu? Yalikuota mapajani, magumu chini ya ngozi, na homa juu yake. Yakapoa, ukasahau, yakarudi. Shangazi akapasua moja kwa wembe. Hakukutoka usaha, yalitoka mafuta, kama ya nazi. Akauweka wembe chini, akasema hili haliwezi.

Enfermeiro, yule muuguzi wa hospitali ya Mocímboa, ndiye aliyelijua. Alisema ni mafuta ya mwili yanayovimba yenyewe, ugonjwa wa nadra, hutulizwa tu. Akakupa vidonge, mara tatu kwa siku, na chakula. "Usiviache ghafula, mama. Utakufa." Ukainuka, ukarudi shambani. Ila Ramadhani ilikutesa, maana kwa vidonge vile hukuweza kufunga. Watoto wa jirani walikuita kobe, nawe ukacheka huku machozi yanakulenga.

Shaabani iliyofuata nikaenda mimi kuvichukua. Nilikuwa na guia, karatasi ya ruhusa ya kusafiri, mkononi, na vidonge vya miezi mitatu nimevifunga pindoni mwa kanga. Karibu na Olumbi nikawaona askari wa Kireno wakimwaga vikapu vya wanawake barabarani. Siku zile, ukikutwa na dawa nyingi, wanasema unawapelekea watu wa msituni, wapigania uhuru. Jirani yetu alichukuliwa kwa chupa moja tu, hakurudi.

Niliogopa, dada. Nikachutama kama ninayekojoa, nikavitupa vyote majanini. Askari akatazama guia yangu, akasema, "Passa," yaani nipite. Kanga hakuigusa. Nami sikuthubutu kurudi nyuma, alikuwa ananitazama.

Nyumbani ukaniuliza, "Dawa umepata?"

Aibu ikanishika. "Enfermeiro kasema uzipumzishe. Ramadhani hii ufunge."

Ukanikumbatia. "Alhamdulillahi. Mwaka huu nafunga na wenzangu."

Ningesema kweli, tungerudi kesho yake. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Kumi la kwanza la Ramadhani halijaisha, homa ikapanda na mapaja yakapasuka yenyewe. Nikakimbilia barabarani, nikakuta imefungwa kwa vita.

Nina hasira na vita na yule askari, lakini zaidi najichukia mwenyewe. Radhi siwezi kukuomba, maana ulikufa hujui nilichokutenda. Siku ya mwisho ulinishika mkono, ukanishukuru kwamba kwa ajili yangu unakwenda kwa Mola ukiwa umefunga.

Lala salama, dada.

Mdogo wako, niliyekudanganya